Kiti Nilichokitangaza Mwenyewe

Jumatatu, 3 Machi

Siku kubwa. Mwenyekiti wa bodi yetu, jaji mstaafu, kaingia ofisini bila taarifa. Nilikuwa nimevua viatu chini ya meza. Nikasimama kumpokea na soksi. Hakuona, au aliona akanyamaza. Majaji wamezoea kuona mengi.

Habari yenyewe ni hii: bodi imeamua. Baada ya muda wote huu wa mimi kukaimu, taasisi itapata mkurugenzi kamili. Nikamwambia Jaji kuwa huo ni uamuzi wa busara, umechelewa kidogo lakini ni wa busara. Akasema kazi itatangazwa. Itatangazwa! Unatangazaje kiti ambacho kina mtu?

Lakini kabla hajaondoka akasema tangazo niliandike mimi, kwa sababu hakuna anayeijua kazi hii kuliko mimi. Kwa maneno mengine nimeambiwa nishone suruali, na mvaaji ni mimi mwenyewe. Nikamsindikiza hadi kwenye gari lake kwa furaha. Mlinzi akanitazama miguuni. Bado nilikuwa na soksi.

Nieleze kidogo, kwa ajili ya watakaosoma shajara hii nikishakuwa mtu mkubwa. Sisi ni taasisi ya utafiti wa sera. Wakubwa wakitaka kujua kwa nini jambo fulani haliendi, tunachunguza, tunaandika waraka, tunatoa mapendekezo, nao wanayafungia kabatini. Tuko ghorofa ya pili, juu ya duka la matairi. Mkurugenzi wa zamani alipopata kazi nono kwingine, aliniachia funguo na neno moja: kaimu. Neno hilo limeniganda. Mlinzi ananiita Bwana Kaimu. Wafadhili wananiandikia "Mpendwa Kaimu". Juzi hata muuza magazeti ameniuliza Kaimu ni jina la ukoo wa wapi.

Mama yangu anaamini mimi ni mkurugenzi. Sikumdanganya. Nilimwambia nakaimu ukurugenzi, yeye akashika neno la mwisho na kuwatangazia ndugu wote. Kwenye harusi na misiba ninawekwa kiti cha mbele. Nikikosa nafasi hii, sijui nitakaa wapi.

Jumanne, 4 Machi

Nimeandika tangazo. Awe mkazi wa mji huu. Awe anaifahamu taasisi kwa ndani. Awe na sauti ya utulivu (yangu imewahi kusifiwa redioni). Awe na umri usiopungua miaka arobaini na sita wala kuzidi arobaini na minane. Mimi nina arobaini na saba.

Mke wangu ni muuguzi. Alikuwa anapiga pasi sare yake, nikamsomea. Akasema hilo si tangazo la kazi, ni tangazo la mtu aliyepotea. Akauliza kwa nini sijaandika pia kwamba awe anakoroma.

Sawa. Nikafuta sauti, nikafuta umri. Nikafuta na shahada ya uzamivu, maana yangu bado naiandika, na mkuu wetu wa utafiti anayo. Huyu mkuu wa utafiti, ofisini tunamwita Marejeo. Ukimwambia Marejeo kwamba nje kunanyesha, atakuuliza umeitoa wapi. Alijiunga nasi baada ya mimi kuanza kukaimu, akitokea sijui wapi, mji mwingine. Mchana anakula mezani kwake huku anasoma. Ni mtu mmoja tu katika jengo lile ninayemwogopa, na siogopi kuliandika hilo hapa kwa sababu hapa hafiki.

Baada ya kufuta yote nikabaki na msumari mmoja, lakini mnene: "Awe ameongoza taasisi ya utafiti wa sera kwa miaka isiyopungua mitatu." Nani mwingine mjini ana sifa hiyo? Mkurugenzi wa zamani keshaondoka. Yupo profesa mmoja mzee, naye hasikii tena simu ikilia. Nimebaki mimi. Mke wangu akasema na huo nao ni wa mtu aliyepotea, ila sasa umemficha vizuri.

Ijumaa, 7 Machi

Tangazo limetoka. Jaji amenipigia kunipongeza. Amesema nimeandika kama mtu asiye na maslahi yoyote. Nikamshukuru. Nilicheka nikiwa nimeziba simu kwa kiganja.

Mama naye amepiga. Kuna mpwa wake kaliona tangazo na kulipeleka nyumbani mbio. Mama akataka kujua kwa nini ofisi yangu inatafuta mkurugenzi na mkurugenzi yupo. Nikamwambia ni utaratibu tu. Akasema utaratibu ndio uliomtoa marehemu baba kazini. Baada ya hapo akaniombea dua ndefu, nami nikasimama dirishani kuisikiliza hadi mwisho. Nisipokipata kiti hiki ni yeye atakayeaibika, mimi nitakuwa wa pili.

Mchana Marejeo aliingia na faili la utafiti wa shule zinazofungwa kwa kukosa walimu. Kila kitu tayari, bado saini tu. Nikamwambia jambo zito kama hilo tumsubiri mkurugenzi. Akasema mwaka jana nilimjibu hivyo hivyo. Nikamkumbusha kwamba mwaka jana pia hatukuwa na mkurugenzi. Akachukua faili lake akatoka, taratibu, bila kubamiza mlango. Ningependa siku moja aubamize.

Jumatano, 19 Machi

Maombi yanaletwa kwa bahasha iliyofungwa na kutumbukizwa kwenye sanduku hapo mapokezi. Yatafunguliwa siku ya mwisho mbele ya bodi. Nimemuuliza mhazili, kwa sauti ya kutojali, zimefika ngapi. Akasema moja.

Moja! Yangu! Nikaingia chooni nikacheza.

Saa nane Jaji akapiga simu. Mhazili keshampa hesabu. Akasema bahasha moja si ushindani, yeye hawezi kusimama mbele ya wafadhili na bahasha moja. Ifikapo Ijumaa jioni kama hakuna ya pili, tangazo litatolewa upya, safari hii hadi nje ya nchi. Huko nje kuna watu wameongoza taasisi hadi wamechoka! Watakuja kwa ndege, na miwani, na vitabu walivyoandika wenyewe.

Nimejikaanga kwa mafuta yangu mwenyewe. Nimeubana mlango hadi hapiti hata wa kunisindikiza. Sasa nahitaji mwombaji wa pili. Awe wa kuheshimika, ili bodi iridhike. Asiwe na sifa, ili nimshinde. Awe karibu, maana muda hakuna.

Alhamisi, 20 Machi

Nimempelekea Marejeo chai mezani kwake. Alikiangalia kikombe, akaniangalia mimi, akauliza kumetokea nini.

Nikamwambia, dada, kwa nini huombi ile nafasi? Akasema alilisoma tangazo na kuona lina mwenyewe. Nikaapa kwamba halina. Nikasema liko wazi kwa kila mtu, na hata mtu akikosa, usaili ni mazoezi mazuri. Akauliza kama na mimi nimeomba. Nikasema mimi naangalia angalia tu. Si uongo, maana nilikuwa nikimwangalia yeye.

Akasema yeye anapenda utafiti, viti hapendi. Nikamwambia huyo hasa ndiye anayetakiwa. Hapo sijui nilipatwa na nini, maneno yakaanza kunitoka yenyewe. Nilisema anayeongoza nyumba ya utafiti awe mtu anayeweza kuonyeshwa kwamba amekosea, akasema asante, kisha akabadilika mbele ya walio chini yake. Nilisema mwingine yeyote ni mlinzi wa jengo tu. Maneno mazuri, hata mimi yalinigusa.

Marejeo akauliza nimeyatoa wapi. Nikasema sikumbuki. Akatabasamu. Tangu aje hapa sijawahi kumwona akitabasamu. Akasema sawa, ataomba.

Mimi ni hatari. Ningezaliwa enzi za wafalme ningekuwa waziri.

Ijumaa, 21 Machi

Marejeo aliniletea barua yake ya maombi niipitie, ilikuwa mistari mitatu. "Naomba kazi iliyotangazwa. Sifa ninazo. Wasifu umeambatishwa." Nilimwonea huruma. Mshindani dhaifu mno naye anatia shaka, bodi isije ikaona nimeokota mtu. Nikakaa na ile barua asubuhi nzima, nikaijaza, nikaipamba, nikaweka ile sentensi yangu ya jana kuhusu kusema asante. Imekuwa barua nzuri kuliko yangu. Wasifu wake sikuufungua. Wasifu wa watu hunichosha, kila mtu kasoma shule, kila mtu anapenda kusoma vitabu na kusafiri.

Bahasha nimeitumbukiza sandukuni kwa mkono wangu, muda mfupi kabla halijafungwa. Nikaigonga kidogo ishuke vizuri.

Nimemsimulia mke wangu. Akauliza kama amesikia sawasawa, kwamba nimemshawishi mshindani aombe, nikamwandikia barua, kisha nikampelekea. Nikamwambia ndiyo, huo ndio mkakati. Akanitazama kama anavyomtazama mgonjwa anayekataa sindano.

Jumatano, 26 Machi

Karatasi ya walioitwa kwenye usaili imebandikwa ubaoni. Ina jina moja. Si langu.

Nimeisoma mara nyingi. Nimeibandua nikatazama nyuma. Nyuma hakuna kitu. Mhazili alikuwa ananiona, akajifanya anatafuta kalamu. Nikamwambia pamekuwa na kosa la uchapaji. Akasema kwa heshima zote kwamba hajawahi kuona jina zima likiachwa kwa kosa la uchapaji.

Mlinzi kaniaga jioni, "Pole, Bwana Kaimu." Ina maana hata getini wanajua.

Alhamisi, 27 Machi

Nimemfuata Jaji nyumbani kwake. Alikuwa anamwagilia maua. Akanipa kiti, akaendelea kumwagilia.

Akasema alishangaa sana kuikuta bahasha yangu. Alidhani nimeiweka kwa bahati mbaya. Nikamwambia, mzee wangu, nimeiongoza taasisi hii miaka mitatu, sifa niliyoiandika ninayo. Akasema nimeikaimu. Nikasema kukaimu ni kuongoza. Hapo akaweka chini lile kopo la maji.

"Mwanangu," akasema, "wewe mwenyewe ulituandikia kwamba sivyo."

Akaingia ndani, akarudi na waraka wenye jalada la kijani. Nikautambua kabla hajanipa. *Nafasi ya Kaimu: Uongozi wa Muda na Madhara Yake*. Mwandishi ni mimi. Niliuandika nikiwa mtafiti wa kawaida, miaka mingi kabla ya kupewa funguo. Ndio waraka ulionipa jina. Nilipigiwa makofi, nilikwenda redioni. Jalada nalikumbuka, makofi nayakumbuka, kilichomo ndani ndicho kilichonitoka.

Pendekezo la kwanza, Jaji kalipigia mstari: muda wa kukaimu usihesabiwe kuwa uzoefu wa uongozi. Pendekezo la pili: anayekaimu asishindanie kiti anachokikalia. Bodi iliyapokea yote mawili mwaka ule ule na kuyafanya kanuni. Jaji akasema hiyo ndiyo sababu alinipa mimi kazi ya kuandika tangazo. Kwa kuwa mimi siruhusiwi kuomba, nani angeandika kwa haki zaidi yangu?

Miaka yote tunalia kwamba mapendekezo yetu hayatekelezwi. Kumbe yametekelezwa mawili.

Nilijaribu. Nikasema waraka ule umepitwa na wakati. Nikasema data zake ni za zamani. Nikasema mwandishi alikuwa bado kijana na hajui maisha. Jaji akasema mwandishi yule alikuwa mtafiti bora kuliko wote waliowahi kupanda ngazi zile. Ni vigumu kumtukana mtu anayesifiwa wakati mtu huyo ni wewe.

Akanisindikiza hadi getini. Akaongeza kwamba kabla ya kuja kwetu Marejeo aliongoza kituo cha utafiti wa sera za ardhi kwa miaka mitano. Yote hayo yamo kwenye wasifu. Akasema barua yake ya maombi imewagusa wajumbe wote, hasa ile sentensi ya kusema asante. Akanishika mkono kwa mikono miwili, akanishukuru kwa kuwatafutia kiongozi. Alimaanisha kabisa, na ndilo lililoniuma.

Jumamosi, 29 Machi

Nimeusoma ule waraka. Niliukusudia vita. Nilikaa na kalamu nyekundu nitafute makosa yake niyapeleke kwenye bodi.

Ni mzuri. Nasikitika kuandika hivyo, lakini ni mzuri. Nilikuwa nimekwenda kwenye ofisi nyingi, nikakaa kwenye mabenchi ya korido pamoja na watu wenye mafaili mapajani. Niliwauliza wanangoja nini. Walikuwa wanangoja saini. Wenye saini nao walikuwa wanamngoja mkuu mpya. Kuna mama mmoja niliyemwandika, mjane, alikuwa anafuatilia kiwanja cha mumewe. Alipita chini ya makaimu wanne, na kila mmoja alimwambia kwa upole asubiri. Niliandika hivi: "Kaimu ni mpangaji asiyelipa kodi. Hathubutu kugonga msumari ukutani, wala hataki kuhama." Na ukurasa wa mwisho nikaikuta ile sentensi yangu, ya mtu wa kuonyeshwa kwamba amekosea akasema asante. Neno kwa neno. Marejeo alijua siku ile nimeitoa wapi. Mimi ndiye sikujua.

Nimekaa na kalamu nyekundu mkononi bila kuweka alama hata moja. Yule aliyeandika alikuwa na hasira, hasira safi, kwa ajili ya watu wasiomhusu. Nilimpenda. Nikatamani kumuuliza maswali. Halafu nikakumbuka faili la shule zinazofungwa, na kabatini yapo mengine, na nikahuzunika kweli, si kwa ajili ya kiti.

Mke wangu alirudi kazini akanikuta hivyo. Nikamsomea kurasa tatu nne. Nilidhani atacheka. Alisema tu, "Mkuki kwa nguruwe," akavua viatu. Alipokwisha kukaa akauchukua ule waraka akaufungua mwenyewe.

"Huyu ndiye niliyeolewa naye," akasema. "Nilikuwa najiuliza alikwenda wapi."

Nikaenda kumchemshia maji ya kuoga.

Jumatatu, 7 Aprili

Marejeo ameanza kazi. Nimemkabidhi funguo mbele ya watu wote na hotuba fupi. Mhazili alisema ilikuwa fupi kiasi.

Kabla ya chai ya saa nne alikuwa amesaini mafaili yote ya kabatini. Utafiti wa shule umeruhusiwa uanze. Vijana wa takwimu walipita koridoni wakizungumza kwa sauti, sijawasikia wakizungumza kwa sauti siku nyingi.

Baadaye akaniita. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kukaa upande ule wa meza. Nilijiandaa kuambiwa nitafute kazi kwingine, na nilishaandaa jibu la heshima lenye sumu ndani yake. Hakuniambia hivyo. Alisema kule kwenye kituo cha ardhi alikuwa bosi, mshahara mzuri, nyumba ya kazi. Siku moja akausoma waraka wenye jalada la kijani.

"Niliacha kituo changu nikaja hapa kufanya kazi na aliyeuandika," akasema. "Muda wote huu nilikuwa namngoja, kaka. Kila nikiingia humu nakutana na Kaimu."

Aliyasema bila kejeli. Kisha akanieleza anachotaka: nirudi. Nizizungukie zile ofisi tena, nikae kwenye yale mabenchi, niandike kilichobadilika na kisichobadilika. Mfadhili yupo. Hakuna vikao, hakuna funguo, ni mimi na kalamu yangu. Niondoke Jumatatu ijayo. Akasema yule mjane, kama yu hai, anataka kujua kiwanja chake kiliishia wapi. Mimi pia nataka kujua. Nilikubali, nikatoka haraka asinione macho.

Jioni nimempigia Mama nikamwambia ukweli wote. Kwamba mimi si mkurugenzi na sikuwahi kuwa. Kwamba mimi ni mtafiti. Yeye akauliza kati ya mtafiti na mkurugenzi nani mkubwa. Nikamwambia inategemea. Akasema basi atawaambia ndugu kwamba mtafiti ni mkubwa zaidi, na wasio na elimu hawatabisha.

Nimejisikia mwepesi. Mke wangu ameniuliza kwa nini naimba.

Alhamisi, 10 Aprili

Nimenunua viatu vya kutembelea, vyenye soli nene. Nimenunua mfuko wa kubebea karatasi. Mhasibu anashughulikia nauli na malazi. Nimepiga simu ofisi mbili, na katika zote mbili niliambiwa mkuu hayupo, niongee na kaimu. Tulicheka, mimi na kaimu wa pili. Nilimwambia nakuja kumsikiliza. Akasema hajawahi kusikilizwa na mtu tangu ateuliwe, kwa hiyo nije na muda wa kutosha.

Marejeo amenikuta nimefungua ramani mezani. Akauliza nitaanza na ofisi ipi na kwa nini. Nilimjibu kwa sababu tatu, zote zina marejeo. Akaenda zake ameridhika. Nilisoma hadi watu wote walipoondoka na hata sikujua.

Ijumaa, 11 Aprili

Kikao cha wafanyakazi. Mkurugenzi (nimeanza kumwita hivyo, haikuniua) akatangaza kwamba wiki ijayo anasafiri kukutana na wafadhili. Akasema anatakiwa mtu wa kukaimu hadi atakaporudi.

Alikuwa anamtazama mhasibu. Mhasibu alikuwa anatazama sakafu.

Mkono wangu ulikuwa juu. Naapa sikuunyanyua mimi. Niliuona uko juu, nikaona si vizuri kuushusha mbele ya watu.

Mkurugenzi akanikumbusha kwamba Jumatatu mimi naanza safari, na watu wamejulishwa, wananingoja. Nikasema zile ofisi zimekaa miaka bila mimi, wiki moja haitaziua. Nikasema taasisi kwanza. Nikasema katika kukaimu, bila kujisifu, humu ndani mimi ndiye mwenye uzoefu. Akauliza kama nina hakika. Alikuwa amelifungua daftari lake na kuishika kalamu, ila hakuandika kitu. Nikasema nina hakika. Akasema haya. Mhasibu akashusha pumzi.

Nimemweleza mke wangu kwamba safari ipo pale pale, imesogezwa mbele kidogo tu. Aliviokota vile viatu vipya mlangoni, akavirudisha kwenye boksi lake, akakunja na ile karatasi yake laini juu.

Jumatatu, 14 Aprili

Asubuhi njema. Funguo ziko mfukoni. Mlinzi kanisalimia "Shikamoo, Bwana Kaimu," na nikiri kwamba leo lilisikika vizuri. Kiti kimeinuliwa kidogo, nimekishusha. Nimempigia Mama kumjulia hali, na katika mazungumzo nikagusia niko ofisi gani. Alifurahi, ingawa akasema sasa itabidi arudi kwa ndugu kuwasahihisha.

Wiki moja si haba. Mtu mwenye mikakati anaweza kufanya mengi kwa wiki moja. Nimeagiza kikao cha wakuu wa vitengo kwa ajili ya kupanga vikao vingine.

Saa tano mhasibu aliingia na faili. Ni lile la safari yangu, la utafiti wa makaimu. Kwa kuwa tarehe zimebadilika, nauli na malazi lazima viidhinishwe upya leo, la sivyo fungu la mfadhili linarudi kwake na hatujui kama atalitoa tena. Alikuwa keshafungua ukurasa na kuweka kidole pale pa kusaini. Nilisoma yote, mstari kwa mstari. Ni utafiti mzuri, na nchi inauhitaji.

Nimemwambia aliache kwanza. Jambo zito kama hilo, tumsubiri mkurugenzi.